Hatua Kumi za Mtaro

Wiki iliyopita vijana walikuja kuchimba mtaro mbele ya nyumba yangu hapa mjini, wa kupitishia bomba jipya la maji. Nilikuwa jikoni nachambua mboga. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo ule mwekundu ulipopinduliwa kwa mara ya kwanza, harufu yake iliingia dirishani bila kubisha hodi. Niliacha mboga. Nikasimama mlangoni mikono ikichuruzika maji, nikiwatazama wale vijana kama msimamizi wao, mpaka mmoja akaniamkia na kuniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna. Ningemwelezaje kwamba harufu ile ilinirudisha kwenye umri wa miaka saba, na kwamba katika umri huo niliwahi kuwa adui wa maji ya bomba, peke yangu katika kijiji kizima?

Kijiji chetu kiko kwenye milima ya Mbinga, upande ule ambako mashamba yameegemea miteremko na watu wanalima kwa mashimo ya ngolo ili mvua isiondoke na udongo. Wenzangu mliokulia huko mnajua kwamba nyumba zinajengwa juu, maji yanakaa chini. Kijito chetu kilikuwa bondeni kabisa. Kushuka, njia yenyewe ilikusukuma. Kupanda na ndoo kichwani ilikuwa habari nyingine. Mama alikwenda mara tatu kwa siku, mdogo wangu Bosko akiwa mgongoni, na mimi nilimfuata na kidumu changu kidogo ambacho kilimwagika nusu kabla hatujafika kwenye mibuni yetu.

Na maji yenyewe hayakuwa ya kujivunia. Msimu wa kahawa, watu wa juu walipoanza kumenya na kuosha buni, kijito kiligeuka rangi ya chai na kunuka uchachu, kama pombe iliyosahauliwa mtungini. Mama aliyachuja kwa kitambaa, akayachemsha, akayaacha yapoe. Lakini mtoto anayetambaa hangoji maji yapoe. Bosko alikuwa anaharisha mara kwa mara. Nakumbuka macho yake yalivyokuwa yanazama, na Mama akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, huku akitazama mlangoni kuangalia jua limefika wapi kwa sababu safari ya tatu ya bondeni bado ilikuwa inamsubiri.

Mama hakuwa mtu wa milimani. Kwao ni Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa. Baba, ambaye ni Mmatengo, alikwenda huko ujanani kutengeneza mabenchi ya kanisa, akarudi na mke. Kwa hiyo nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili, ndicho kilichowaunganisha wazazi wangu, na kumbe ndicho kilichokuja kuniponza. Jembe la ngolo Mama alijifunzia ukubwani, na majirani hawakuacha kumkumbusha. Yeye alikuwa akisema, bila kulalamika, kwamba kwao maji yako mlangoni, ukitaka kuoga unaingia tu. Tangu aolewe hakuwahi kwenda kuwaona wazazi wake. Baba alifanya useremala Kitai na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama akiondoka, nani angetuletea maji?

Mwaka ule, mvua zikiwa zimekolea, bibi yangu mzaa baba alifariki. Ulikuwa msiba wangu wa kwanza. Niliona wanaume wakichimba nyuma ya nyumba, na Mzee Kosmas, jirani yetu mrefu mwenye goti bovu, akiwa ndani ya shimo hadi kifuani akirusha nje udongo mwekundu. Kabla ya kushusha jeneza katekista alituambia sisi wajukuu tusilie. Alisema Bibi yenu alichoka sana, amefanya kazi nyingi hapa duniani, sasa amepumzika.

Neno lile nililishika. Baada ya siku chache nilimuuliza Mama tutakwenda lini kumwamsha Bibi. Mama alikuwa anakoroga ugali. Alisema haamki tena mtu aliyepumzika. Akaendelea kukoroga, na mimi nikaona nimejibiwa vya kutosha.

Mvua zilipoanza kupungua ndipo watu wa mradi wakaja. Ulifanyika mkutano shuleni, tukaambiwa kuna chemchemi juu mlimani ambayo haikauki mwaka mzima, na kwamba maji yake yanaweza kushuka yenyewe kwa bomba mpaka kwenye vitongoji vyetu vyote, bila injini wala mafuta. Mabomba, saruji na fundi vingeletwa na mradi. Mtaro tungechimba sisi. Mzee Kosmas alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na kila nyumba ikapewa hatua kumi za kuchimba, kina cha kufika kiunoni. Alizipima yeye mwenyewe kwa miguu yake, na kina mama walilalamika kwamba wamepimiwa kwa miguu ya twiga.

Hatua zetu kumi zilipita mbele ya nyumba, kando ya mibuni. Mama alianza kuchimba Jumatatu asubuhi. Jioni yake alikuja Mama Kandida, jirani wa pili, ambaye alikuwa amemaliza nusu ya kipande chake. Wakasimama wakipangusa jasho. Mimi nilikuwa nimekaa chini na Bosko, nikisikiliza kama watoto wanavyosikiliza, huku nikijifanya nacheza. Mama Kandida alisema mgongo unamuuma, hajui kama ataweza kuumaliza mtaro huu. Mama akashikilia mpini wa jembe, akatazama bondeni, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake, "Acha tu tuchimbe. Maji yakifika, na mimi nipumzike."

Mama Kandida akaitikia kwamba hata yeye, wapumzike wote.

Sijui niwaelezeje baridi iliyonipata. Udongo ulikuwa ule ule mwekundu. Majembe ni yale yale. Mzee Kosmas alikuwa yule yule, anapita shimo kwa shimo akikagua kina. Na Mama alikuwa amesimama ndani, akiwa ameshafika magotini. Urefu wa shimo lile ulinitatiza kidogo, lakini usiku ule nililitatua. Lilikuwa refu kwa sababu lilikuwa la kina mama wote wa kijiji, kila mmoja akichimba sehemu yake. Walikuwa wamechoka kama Bibi alivyochoka, na siku maji yakifika wangepumzika. Jambo lililonishangaza ni kwamba walikuwa wanacheka huku wakichimba.

Sikumuuliza mtu. Mambo ya kaburi, kwa jinsi nilivyolelewa, hayakuwa ya mtoto kuuliza.

Nilikuwa darasa la kwanza, natoka shule mapema. Mchana Mama alipokuwa anashuka bondeni kwa safari ya pili, sasa aliniachia nyumba. Siku ya kwanza nilisubiri akapotea nyuma ya mibuni, nikachukua sahani ya bati, nikaanza kuurudisha udongo. Nilisukuma kwa sahani, kwa mikono, kwa miguu. Nilipochoka nilikaa ukingoni nikausukuma kwa visigino. Aliporudi na ndoo alisimama akautazama mtaro, akadhani ni mbuzi wa jirani. Akatua ndoo, akaanza kuchimba upya. Siku ya pili akadhani ni mvua iliyonyesha usiku. Siku ya tatu hakutafuta wa kulaumu. Alimfunga Bosko vizuri mgongoni, akachimba mpaka giza lilipoanza kuingia. Nilimtazama kupitia mlangoni na moyo wangu ulikuwa unauma, kwa sababu nilikuwa ninamchosha zaidi, na mtu aliyechoka zaidi ndiye aliye karibu zaidi na kupumzika. Sikujua nifanye nini. Nikaona afadhali nizidi kufukia.

Wiki ya pili nyumba zote za kitongoji chetu zilikuwa zimemaliza. Mabomba meusi yalikuwa yameviringishwa kwenye uwanja wa shule yakisubiri kulazwa. Fundi wa mradi alisema hawezi kulaza bomba na kuruka kipande katikati, na kwamba akicheleweshwa atahamia kijiji kingine kwanza. Basi watu wakaja kusimama juu ya hatua zetu kumi. Mzee Kosmas alisema mbele ya wote kwamba Mama Winfrida anarudisha kijiji nyuma. Mwanamke mmoja, sikumbuki nani, akasema huyu ni mtu wa ziwani, jembe kwake mgeni, mngetegemea nini.

Mama alisimama ndani ya mtaro na jembe lake, akasikiliza mpaka mwisho. Hakujitetea. Alisema tu, "Naomba siku mbili, Mzee Kosmas." Lakini walipoondoka aliinama akachimba bila kupumzika, na kwa mara ya kwanza niliogopa kitu ambacho hakikuwa kaburi. Sikuwa na jina lake siku ile. Leo najua nilikuwa namwona mama yangu akiaibishwa kwa kosa langu.

Hata hivyo kesho yake nilirudia. Nilikuwa nimeshapima kwa akili yangu: aibu inapita, Bibi hakurudi. Mama alichukua ndoo, akamfunga Bosko, akashuka. Nilihesabu mpaka hamsini, ndipo ilipokuwa inaishia hesabu yangu, nikachukua sahani.

"Winfi."

Alikuwa nyuma yangu. Ndoo ilikuwa tupu. Hakuwa amefika popote, alijibanza kwenye mibuni akimsubiri mwizi wake.

Nikasimama na sahani mkononi. Akauliza kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko fimbo, "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini unafukia?"

"Sitaki upumzike."

Hakuelewa. Niliona anatafuta maana usoni mwangu. "Nisipumzike kwa nini, mwanangu?"

"Kama Bibi," nikasema.

Mama aliweka ndoo chini. Akaketi ukingoni mwa mtaro, miguu ikining'inia ndani, akanivuta nikae kando yake. Kifua chake kilianza kutikisika na nikadhani ananicheka, mpaka tone likaniangukia shingoni. Tukakaa hivyo, Bosko akivuta shanga za Mama kutoka mgongoni, mpaka Mama akapata sauti.

"Mimi nikisema kupumzika," aliniambia, "nasema kukaa chini. Kukaa tu, miguu nimeinyoosha, na jua bado liko juu. Hujawahi kuniona nimekaa hivyo. Ndiyo maana hukujua."

Hakunipiga. Aliosha mikono yangu kwa maji kidogo yaliyobaki mtungini, akanipeleka kwa Mzee Kosmas jioni ile ile, akasema mwenye maneno ni mimi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda ananoa jembe. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikitazama goti lake bovu. Aliacha kunoa. Aliniuliza kama kweli nilidhani yeye anawachimbisha mama zetu makaburi yao. Nikatikisa kichwa kukubali. Aliweka jembe chini, akazungumza, na mpaka leo sijui kama alikuwa anazungumza na mimi au na Mama.

"Makaburi nimechimba mengi hapa kijijini. Mengi yalikuwa mafupi, ya watoto wa umri wa huyu aliye mgongoni. Tumbo, kuhara, tumbo tena. Huu mtaro nauchimba ili mikono yangu ipate kazi nyingine."

Asubuhi alikuja kwetu na jembe, na nyuma yake watu wanne, yule mwanamke wa juzi akiwa mmojawao. Mzee Kosmas alisema kwamba amechunguza na kosa halikuwa la Mama Winfrida, na kwamba yeye mwenyekiti alisema vibaya na anaomba radhi. Hakumweleza mtu kosa lilikuwa la nani. Wakaingia mtaroni pamoja na Mama, na jua halijafika utosini hatua zetu kumi zilikuwa na kina cha kiuno cha Mzee Kosmas mwenyewe, si cha Mama. Mimi nilibeba maji ya kunywa kwa kikombe, mara nyingi kuliko walivyokuwa na kiu.

Jumamosi iliyofuata Mzee Kosmas alinichukua kwenda kuiona chemchemi. Sijui kama aliona bado nina mashaka. Tulipanda polepole kwa ajili ya goti lake. Juu kule maji yalikuwa yanatoka chini ya jiwe, bila kelele, baridi mpaka meno yakauma. Fundi alikuwa amekwisha kuyajengea kisanduku cha saruji chenye mfuniko. Mzee Kosmas alinionyesha mahali palipowekwa mipaka. Hakuna tena kulima juu ya pale, hakuna kuchunga wala kukata mti, na mikaratusi iliyokuwa karibu ilishang'olewa kwa sababu inakunywa maji kuliko ng'ombe. Badala yake kila nyumba ingepanda miti ya asili mitano na kuitunza. Alisema bomba wanaweza kuleta wageni, lakini wageni wakiondoka chemchemi inabaki na sisi, tukiichezea tutarudi bondeni. Nilipanda mti wangu mmoja siku ile, nikaushindilia kwa visigino, vile vile vilivyokuwa na uzoefu wa kufukia.

Maji yalifika kahawa ikiwa inaiva. Tulikusanyika kwenye bomba la kitongoji, chini kidogo ya nyumba yetu. Fundi alipolifungua lilikohoa upepo kwanza, likatema maji mekundu kama udongo wetu, watu wakarudi nyuma, kisha yakaanza kusafika kidogo kidogo mpaka uliweza kuona vidole vyako chini ya ndoo. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge cha Mama kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeelezwa, na nilikuwa nimeelewa, lakini sikukiachia.

Tulipofika nyumbani aliweka ndoo mbili zilizojaa kando ya mlango. Jua lilikuwa bado juu. Akatandika mkeka barazani, akakaa, akanyoosha miguu. Haikupita dakika kumi akawa amelala, mdomo wazi kidogo, mchana kweupe. Nilikaa karibu yake saa nzima. Kila mara nilisogeza kiganja puani mwake kupima pumzi. Bosko alipoanza kulia nilimzuia kwa kila njia, lakini Mama aliamka, akatutazama kama mtu asiyejua yuko wapi, akauliza ni saa ngapi. Hakuna aliyejua.

Bosko hakuugua tena kwa namna ile. Bomba limeharibika mara kadhaa katika miaka yote hii, na kila mara kamati imelitengeneza yenyewe. Vijana wawili wa kijiji walifundishwa na yule fundi, nao wamefundisha wengine. Mzee Kosmas hayupo tena. Aliongoza kamati mpaka goti lilipomshinda kabisa. Mama yuko hai, mzee sasa, na ni mkali sana kwa mtu anayeacha bomba linadondosha maji.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni safari. Kahawa ilipokwisha kuanikwa, Mama alimwambia Baba kwamba anataka kwenda kwao, na Baba akasema nenda, kwa kuwa sasa hata yeye aliweza kujaza ndoo akija. Tukapanda gari mpaka Mbamba Bay, tukishuka milima, joto likiongezeka kila kona, masikio yakiziba na kuzibuka, na ghafla maji mengi kuliko niliyowahi kuyafikiria yakajitandaza upande mmoja wa dunia. Kisha safari nyingine ya kandokando mpaka Ngumbo, kwenye harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, walioanikwa.

Bibi mzaa mama alikuwa amesimama uani. Sikuwa nimewahi kumwona. Mama alitua mzigo, akapiga magoti kumwamkia, na Kinyasa kikaanza kumtoka kinywani kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia, akicheka katikati ya maneno kama msichana. Nilimwonea wivu. Sikujua kwamba ana sauti ile. Bibi alimshika mabega, akamshika mashavu, kisha akamfungua kitambaa cha kichwani, kama mama yeyote anavyotaka kumwona mtoto wake mzima mzima. Mkono wake ukasimama.

Katikati ya utosi wa Mama, mahali palipokuwa pakikaa ngata na juu ya ngata ndoo, hapakuwa na nywele. Palikuwa pametakata, duara kama mdomo wa kikombe. Bibi alipagusa kwa kidole kimoja. Akasema kitu kwa sauti ndogo, Mama akamjibu kwa sauti ndogo zaidi, na Bibi akamkumbatia kile kichwa na kukilaza tumboni mwake.

Usiku, tulipolala watatu, Mama, mimi na Bosko, kwenye mkeka mmoja, nilimuuliza Mama walisema nini. Alisema Bibi ameuliza ni nani aliyemnyoa. Nikamuuliza yeye alijibu nini.

"Nimemwambia zitaota."

Ziliota, ila polepole. Mvua mpya zilipoanza, nilikuwa nikimkagua kila Jumapili baada ya misa kwenye baraza letu la mlimani, yeye amekaa chini ameegemea magoti yangu, miguu ameinyoosha, na mimi nimekaa kwenye kigoda na kitana. Mwanzo palikuwa na vumbi tu la nywele. Kisha pakawa laini kama kichwa cha Bosko. Siku nilipoweza kwa mara ya kwanza kusuka msuko mmoja kutoka kwenye paji la uso, ukapita katikati ya utosi bila kukatika, mpaka kisogoni, nilisuka kwa makini hata nikasahau kupumua. Mama alisema ninavuta sana. Nikalegeza mkono.